Kigingi cha Juu ya Mwamba

Walimvua Masele taji lake la miiba ya nungu uani kwa Makoye, mchana kweupe, mkewe Asteria amesimama pale pale na beseni la viazi vikavu vya matobolwa kichwani. Angelivuliwa na adui angesema sawa, adui kazi yake ndiyo hiyo. Lakini mkono ulioliondoa ulikuwa wa Makoye mwenyewe, kiongozi wa wanunguli wote wa upande ule, mshika miguu wake tangu wote wawili hawajaota ndevu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Makoye alisema, akiligeuzageuza taji kama mtu anayetafuta chawa.

"Nguo gani?" Masele alimrukia. "Mimi naingia shimoni uchi, Makoye. Nguo zangu unashika wewe!"

Watu wakataka kucheka, wakajizuia. Haikuwa siku ya kucheka.

Asiyewajua wanunguli aambiwe mapema. Hawa ni wawinda nungu, wanyama wa miiba wanaokula karanga na mihogo ya watu usiku kucha, na asubuhi mwenye shamba anabaki kushika kiuno. Nungu hakimbizwi na mbwa uwandani kama sungura. Nungu anafuatwa chumbani kwake. Mtu anavua nguo, anapakwa dawa ya nyoka, anashika tochi na mkuki mfupi, anaingia shimoni kifudifudi mpaka anamezwa na ardhi. Nje anabaki mshika miguu. Anaishika miguu ya mwenzake mpaka izame, kisha anashika kamba iliyofungwa kifundoni. Kamba ikitikisika, anavuta. Udongo ukishuka, anavuta. Chatu akiwa kamtangulia nungu, anavuta na kumwita Mungu. Kwa hiyo mshika miguu si rafiki wa kunywa naye tu. Ni mtu uliyempa roho yako aishike kwa kifundo.

Na kilikuwapo kilima kimoja ambacho hawakukitaja kwa jina. Walikiita kwa mama mkwe, kwa sababu kwa mama mkwe mwanamume haendi ovyo, na akienda hatupi macho huku na huku. Nungu wa kilima kile walipochimba walitoa nje mawe meupe, na ndani ya mawe yale mlikuwa na vichembe vya njano ambavyo mtoto yeyote wa Geita anavijua kabla hajajua kuandika jina lake. Masele ndiye aliyeviona kwanza. Alitoka shimoni amepauka vumbi, akawaonyesha wenzake, na palepale wakala yamini: hasemi mtu. Si kwa mke, si kwa padri, si kwenye pombe.

Hawakuwa wajinga wasiojua thamani. Masele alizaliwa Maganzo. Aliliona shamba la mama yake likigeuzwa mashimo na watu waliotafuta almasi, mpaka mama akabaki na ukingo wa kupandia vitunguu. "Rashi ya wachimbaji ikiingia hapa," aliwaambia wenzake siku ya yamini, "itakula nungu, itakula kilima, itakula na sisi. Na dhahabu yenyewe ataivaa mtu asiyejua hata kuku wetu wanalala wapi."

Sasa juma lile wageni walikuja na gari, wakapanda kwa mama mkwe bila hodi, wakapigilia vigingi vya chuma vyenye utepe mwekundu. Kila kigingi, watu walisema, mdomoni mwa shimo. Karatasi walikuwa nazo: eneo limeombwa, eneo limetolewa, wachimbaji wanakuja.

"Nani anayajua mashimo yale yote?" Makoye aliwauliza watu waliojaa uani. "Aliyeyaingia. Na nani aliyaingia?"

Macho yote yakamwendea Masele.

"Hata wewe ulikuwapo!" Masele alisema. "Kila shimo nililoingia, wewe ulikuwa mlangoni!"

"Kwa hiyo mimi ndiye nimeuza?"

"Sijasema umeuza. Nasema usinitoe mimi kafara kwa sababu umeshindwa kufikiri."

Pale ndipo alipokosea, maana mbele ya watu Makoye hakupenda kuambiwa hafikiri. Akatoa hukumu na povu mdomoni: mpaka Jumapili Masele alete jina la aliyemuuzia. Asipoleta, atatengwa yeye na nyumba yake. Hakuna kusalimiwa, hakuna kuazimwa moto wala jembe, na akifa azikwe na mkewe peke yake.

Ukitaka kumuua mtu wa namna ya Masele na Asteria, basi hiyo ndiyo sumu yake. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu. Kuna waliokuja kutazama mpira, kuna waliokuja kuchaji simu, kuna waliokuja kwa sababu tu wamesikia kicheko. Asteria alikuwa hapiki kwa idadi, alipika kwa sufuria. Jioni ile alipika sufuria ile ile, na hakuja mtu. Jumapili ilikuwa bado, lakini woga hausubiri tarehe. Wali ukapoa, mtoto wao Limi akawapa kuku.

"Nikuulize kitu, Baba Limi," Asteria alisema.

"Uliza."

"Mama yangu yuko kaburini mwaka wa ngapi huu? Na wewe kila kiangazi unaniaga unakwenda kwa mama mkwe. Nikanyamaza. Nikajua una mwanamke Chato. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimchukia mwanamke wa Chato, kumbe ni kilima!"

Siku nyingine Masele angecheka mpaka alale chini. "Nilikula yamini, Mama Limi."

"Yamini imekulinda sana, naona. Hata mimi hukuniambia, halafu wanasema umemwambia tajiri wa mjini! Hasira niliyo nayo ningeweza kuchemshia maharage." Akajifunga kanga ya pili. "Mimi siwezi kukaa hapa natazama ukuta. Kesho naenda kwa Mariana."

Mariana aliuza chai stendi ya Buseresere, na habari humfikia yeye kabla ya maziwa. Alipomwona Asteria alitazama kulia, akatazama kushoto, akamvutia nyuma ya kibanda penye masufuria machafu, akaanza kumwaga hata kabla ya salamu.

"Shoga yangu, wale wa vigingi walikunywa chai hapa! Asubuhi na waliporudi. Hawakuuliza njia kwa mtu. Mmoja kashika simu mkononi, anasema twende kwenye nukta, mwenzake anamwambia nukta ya kwanza iko kulia. Nikajiuliza, nukta ni mtu gani? Waliporudi sasa, wamechoka, wanachekana. Eti yuko nungu mmoja kajenga juu ya mwamba mtupu! Hakuna shimo, hakuna tundu, mawe matupu, lakini bosi kasema kila nukta kigingi, basi wamepigilia, nyundo inaruka mpaka mmoja kaumia kidole. Hiki hapa cha gumba. Mimi ndiye nilimfunga kitambaa."

Asteria alirudi mbio, akamweleza mumewe neno kwa neno, pamoja na kidole gumba. Alipofika kwenye nungu wa juu ya mwamba, Masele alisimama. Alikuwa anakula, ugali ukabaki mkononi.

"Rudia hapo."

"Hapo wapi? Kidole?"

"Mwamba, mwanamke! Mwamba!"

Akarudia. Masele akapiga ngumi mezani, bakuli la mlenda likaruka.

"Simu," akasema.

Zamani kibali cha kuwinda kilikuwa karatasi. Unaikunja, unaitia kwenye mfuko wa nailoni, bwana nyamapori akikukamata unamwonyesha, anaivuta puani kama vile inanuka, anakuacha. Kisha wakaambiwa karatasi basi, kibali sasa kiko ndani ya simu. Kina picha yako na jina lako, na lazima simu uwe nayo porini, na lazima uiruhusu ijue mahali ulipo, vinginevyo kibali kinageuka chekundu na wewe unageuka jangili. Wanunguli hawakupenda. Simu ijue tulipo, kwani simu ni mama yetu? Lakini faini ilitisha zaidi. Wakaenda kwa Fredy, wakala wa stendi, aliyekuwa akiwasajilia laini na kuwatumia hela. Akawasajili kundi zima. Kila palipoulizwa swali, yeye alibonyeza. Makoye alimwambia, "Bonyeza, kijana wangu, sisi macho yetu ni ya porini."

Ndipo Makoye, kwa akili zake, akawatafutia kinga. Wabebe simu moja tu, ya Masele, kwa kuwa kibali cha kuingia ni chake, na njiani aibebe yeye Makoye. Na kabla ya kwenda kwa mama mkwe, watoe laini. "Simu bila laini ni mbwa bila pua," alisema, na wote wakamsifu. Wakaongeza juu yake kuifunga kwenye ngozi yenye dawa, ili ipofuke kabisa.

Halafu kuna desturi. Mwanunguli akiingia shimoni, jina lake linabaki nje. Tangu enzi za mababu aliyeingia alitundika mlangoni kitu chake, bangili au shanga, kwenye kijiti, ili shimo likimfukia watakaokuja wajue wanamfukua nani. Kilipokuja kibali chenye jina na sura, wazee walisema bangili ya nini tena, jina lenyewe si hili hapa? Wakaanza kuitundika simu. Kila shimo aliloingia Masele, simu ilikaa mlangoni pake imetulia tuli, wakati mwingine tangu umande mpaka jua la utosi, ikitazama mbinguni.

Masele hakusubiri Jumapili. Alikwenda kwa Makoye kifua mbele, akasimama nje ya uzio, hakupiga hodi.

"Makoye! Toka! Waite na wenzako. Tunakwenda kwa mama mkwe sasa hivi."

"Una jina?"

"Ninalo. Lakini utalisema wewe kwa mdomo wako."

Walikwenda wote, na nyuma yao wakafuata wasioalikwa, maana kijiji kilikuwa na kiu. Alikuwapo Ignas pia, mkwe wa Makoye, kijana mwenye adabu aliyemwoa binti yake mkubwa, akitembea mbali kidogo na baba mkwe kama inavyotakiwa. Asteria alikwenda mbele ya wanaume. Hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Kwenye kigingi cha kwanza Masele alisimama. "Hapa nini?"

"Shimo la jike mwenye watoto," Makoye alijibu. "Tulimwacha."

"Hapa?"

"La yule dume aliyekuchoma bega."

Wakaenda hivyo, kigingi kwa kigingi, na kila alipotaja shimo watu walimtazama Masele vibaya zaidi. Yeye akawapitisha mpaka upande wa mashariki, penye pango kubwa lililofunikwa na vichaka. Mlangoni mawe meupe yalikuwa yamemwagika kama mtama uliopasuka gunia, na njano yake ilionekana bila kuinama.

"Hili niliingia ujanani, kabla ya simu. Mnalikumbuka. Hakuna anayelijua kuliko mimi. Kigingi kiko wapi?"

Walitafuta. Hakikuwapo.

"Kwa hiyo mimi mwizi nimeuza punje, nikasahau gunia?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Nijibuni! Mlikuwa na midomo uani kwa Makoye, leo mmeimeza?"

 Makoye akasema labda wapigiliaji walilipita kwa bahati. Masele akamshika mkono, hakumshika kwa upole, akampandisha mpaka kwenye mwamba mtupu, nyuma ya jiwe kubwa lililoinama. Palikuwa na kigingi kimoja. Kilikuwa kimepinda kwa kupigwa sana, utepe wake ukipepea.

"Na hapa, Makoye. Hapa nini?"

Makoye alikitazama kigingi. Watu walimwona akibadilika rangi, kwanza shingo, kisha masikio.

"Sema. Hapa kuna shimo gani?"

"Hapa hakuna shimo."

"Nani kati yetu aliwahi kukaa hapa? Akakaa muda mrefu, mpaka mimi nikaja kumwita nikidhani ameumwa na nyoka? Na siku hiyo simu ilikuwa mfukoni mwa nani?"

"Masele," Makoye alisema kwa sauti ya chini. "Mkwe wangu yupo hapa."

"Na mke wangu alikuwapo uani! Na beseni kichwani! Uliliona beseni lile, Makoye? Ulinivua taji mbele yake. Sema, au mimi nitasema, na mimi nitasema na rangi yake."

Ignas akageuka upande mwingine, akaanza kutazama mawingu kwa bidii kubwa.  Makoye alikuwa mtu mnene, mwenye heshima, aliyeamulia watu ndoa na mipaka ya mashamba.

"Nilikula makande yaliyolala," alisema.

"Sauti!"

"Nilikula makande yaliyolala! Tumbo likanishika. Nilikaa hapa karibu asubuhi yote. Simu ilikuwa mfukoni." Akakiangalia tena kigingi. Ndipo ilipomwingia, na wote waliokuwapo waliona inamwingia. "Hakuna aliyejua. Sikumwambia hata mke wangu. Mimi na wewe tu... na simu."

Kicheko kilitoka kwa Asteria, kikaenda kwa wanawake, kikaruka mpaka kwa wanaume. Watu walishika magoti. "Jamani wamepewa leseni ya kuchimba choo cha Makoye!" mmoja alipiga kelele. Lakini kicheko kile hakikudumu. Kilikatika chenyewe, kimoja kimoja, jinsi kila mtu alivyoanza kukumbuka ni wapi amewahi kwenda na simu mfukoni.

"Lakini tulitoa laini," Makoye alisema, kama mtoto.

Fredy alikuwa chini ya mwavuli wake stendi. Alipowaona wanakuja, wamejaa barabara nzima, alisimama.

"Shikamooni wazee wangu."

Hakuna aliyeitikia. Shikamoo ile ikabaki hewani, na Fredy, aliyelelewa mtaani hapo hapo, alijua maana yake. 

"Nani ana nywila ya kibali chetu?" Masele aliuliza.

"Mimi, mzee. Nilifungua kwa nywila yangu kwa sababu ninyi mngesahau."

"Na nukta?"

 Fredy akajaribu ujasiri. "Mlikubali masharti, wazee. Imeandikwa. Mtu wa mjini, mtafuta dhahabu, aliniuliza ramani ya mashimo ya nungu, nikampa ramani. Mimi sijauza kilima cha mtu. Ramani si kilima."

"Nani alibonyeza kukubali?"

"Mimi. Mzee Makoye alisema nibonyeze."

"Na siku tuliyotoa laini? Tuliitolea hapa, kwenye meza yako hii. Ulijua simu inaona njia hata bila laini?"

Fredy akaanza kukusanya vocha zake mezani.

"Ulijua?"

"Inaonwa na setilaiti, mzee. Laini haihusiani. Kila mnapokaa sana inaweka nukta, na mkirudi na kuirudisha laini, inatuma yote."

"Kwa hiyo ulijua." Masele aliinamia meza, uso wake karibu na wa kijana. "Fredy, mimi nilikosa kucha za kuitoa ile laini. Wewe ndiye ulinipa kile kipini cha kutolea. Ulinipa kipini, ukatabasamu, ukaniambia kazi njema!"

Ignas, yule wa adabu, ndiye aliyeupiga mwavuli teke. Wengine wakataka kufuata na meza, na baada ya meza mwenye meza. Masele akawazuia kwa mkono.

"Msimguse. Mkimgusa atakuwa mgonjwa, ataonewa huruma. Ile hukumu mliyoniandalia mimi iko wapi? Bado ni mbichi. Mpeni huyu."

Basi ikawa hivyo. Na Asteria na Mariana hawakuhitaji gari la matangazo. Kabla ya jua kuzama, kuanzia stendi mpaka mashineni, hakukuwa na mtu aliyekuwa tayari kumkabidhi Fredy simu yake, hata kwa kuangalia saa. Mama yake mwenyewe alikwenda kusajili laini kwa wakala mwingine.

Ofisini walikwenda pia, wachache, kwa nguo safi. Waliambiwa mwenye leseni ana leseni, na kama wana malalamiko wayaandike humo humo ndani ya simu, sehemu ya maoni. Masele alicheka mbele ya ofisa, kicheko kibaya, akatoka bila kuaga.

Wachimbaji wakaja. Nungu wakahama usiku kwa usiku, na ilipofika mwisho wa mwezi muungurumo wa karasha, mashine ya kusaga mawe, kule kilimani ulisikika mpaka jikoni kwa Asteria. Nyumba ilikuwa imejaa tena. Waliokimbia walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, na Asteria aliwapakulia wote, lakini kwanza alimfanya kila mmoja asimame na sahani tupu mpaka amalize kumsema.

Makoye alikuja mwisho. Alikuwa na taji mkononi, amelipaka mafuta, miiba inang'aa.  Mpira ukaendelea kwenye runinga bila mtazamaji.

"Shemeji," alimwambia Asteria, na Asteria akampa kigoda, hakumpa neno.

Makoye akainuka tena, akamvika Masele taji mbele ya wote. Masele hakulikataa. Lilikuwa lake. Lakini hakuinamisha kichwa kumrahisishia, na Makoye, kwa ufupi wake, ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu.

"Kuna mwenye mihogo kule Songwa analia na nungu," Makoye alisema. "Katuma mtu tangu juzi. Nikasema tukamsaidie. Simu tunaacha nyumbani."

"Tutakwenda," Masele alijibu. "Ila wewe ndiye utaingia. Mimi nitashika miguu."

"Mimi?" Makoye alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Maishani mwake hakuwahi kuingia shimo lolote. "Kwa tumbo hili?"

"Kwa tumbo hilo hilo." Masele akavuta sahani yake, akaanza kula. "Na jina lako uliache nje. Tafuta bangili."